Chakula Chenu Kipo Chini ya Ungo

Ukifika Shanwe, Mpanda, ukauliza kilabu cha wanzuki, ile pombe ya asali, utaoneshwa vilabu vitatu. Ukiuliza kilabu ambacho mwenye pombe anakugombeza kwa sababu unakunywa, utaoneshwa kimoja tu, na anayekuonesha lazima acheke kwanza. Hicho ndicho cha Bibi Kilabu. Jina lake la ubatizo nalijua, ila siliandiki, maana alishaniambia mwenyewe: "Jina langu liache kanisani. Huku kwenye mapipa niite hivyo hivyo."

Hakuwa bibi yangu wa damu. Mi nilikuwa nauza dagaa wa kukaanga na karanga mlangoni kwake, tangu nilipomaliza darasa la saba na kuchaguliwa kujiunga na karai la mafuta. Yeye ananuka asali, mi nanuka samaki. Nyuki wote wa Shanwe kwake, paka wote kwangu. Siku ya kwanza nilipofungua mdomo kuita wateja alitoka na kata mkononi, akaniangalia kuanzia kilemba mpaka ndala, akauliza, "Huyu chiriku nani kamfungulia tundu?"

Nikamwambia, "Bibi, nimejifungulia mwenyewe."

Akacheka mpaka akashika nguzo. Toka siku hiyo jina langu likafa, nikawa Chiriku, hata mama yangu mzazi akaanza kuniita hivyo.

Pombe yake ilikuwa tamu kuliko ya wote, na yeye hakuwahi kuonja hata tone. Asali waliileta Wakonongo wa kule Inyonga, na aliipokea kwa kunusa. Akikunja pua tu, mwenye asali anafunga debe lake anaondoka, hakuna kubishana. Wanzuki ikishaingia kwenye pipa anaifunika, halafu kesho yake anaweka sikio ubavuni mwa pipa kama nesi anayempima mjamzito. "Bado imelala," anasema. Au, "Imeanza kuongea." Na mi niliweka sikio siku moja, nikasikia kama watu wanagombana chumba cha pili. Nikamwambia, "Bibi, huyu mtoto atazaliwa mlevi." Nikapigwa na kata. Haikuuma sana, ilikuwa kata ya kibuyu.

Jumapili yuko benchi la mbele kanisani, rozari shingoni, kitambaa cheupe kichwani, anaimba sauti ya pili kuwazidi wenye sauti ya kwanza. Padre alimvizia siku moja baada ya misa, akamwambia, "Mama, kile kilabu lakini."

"Baba Padre," akasema, "hao watu nisipowauzia mimi watalewa kwa mwingine. Kwa mwingine wanalewa bure bure. Kwangu wanalewa na mahubiri."

Padre akatazama viatu vyake. Nadhani alikuwa anahesabu waumini wake wangapi wako upande gani.

Na mahubiri yalikuwepo kweli. Ukiomba kikombe cha tatu anakuuliza, "Nyumbani watoto wamekula nini leo?" Ukijibu haraka, unapewa. Ukianza kukuna kichwa, anachukua kikombe, anamimina kilichobaki kwenye ndoo, na fimbo yako unakabidhiwa mlangoni. Nimeona wanaume wenye ndevu, wenye ng'ombe wasiohesabika, wametoka pale kofia mkononi kama wametoka kuchapwa na mwalimu. Kesho yake wanarudi! Mi sijawahi kuona biashara inayofukuza wateja na wateja wanazidi.

Basi mwanamke huyo, kulikuwa na mtu mmoja tu duniani hakuweza kumgombeza. Mkwe wake.

Binti yake wa pekee aliolewa na kijana wa Kirundi kutoka Mishamo, kule makazi ya wakimbizi. Walikuja toka mwaka sabini na mbili, wamelima mpaka mahindi yao yanalisha Mpanda. Yule kijana alikuwa anakuja mjini na baiskeli, magunia ya maharage nyuma, kibali mfukoni. Maharage yaliisha, yeye akawa anaendelea kuja. Wakazaliwa watoto watatu, wote hapa hapa Mpanda: Spesioza, Juvenali, halafu Kizito wa mwisho, mwenye kichwa kikubwa na maswali makubwa zaidi. Yule binti akaugua, akafariki. Watoto wakabaki kwa bibi yao, baba yao anakuja na kwenda.

Halafu ikafika ile tisini na tatu, Warundi wakaanza kusema kwao kumetulia, kumepigwa kura, watu wanarudi. Mkwe akaja na baiskeli kuchukua watoto.

Sasa hapa uelewe kitu kimoja. Kwa mila ya Bibi Kilabu, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawapokezani maneno. Mkwe anachuchumaa mbali, mama mkwe anakaa ndani nyuma ya mlango, na maneno yanapita kwa mtu wa katikati. Siku hiyo mtu wa katikati nilikuwa mimi na dagaa wangu.

"Dada," akasema mkwe, anatazama chini, "mwambie mama nimekuja kuchukua watoto, tunaenda nyumbani."

Mlango haujafunguka, ila sauti ikatoka. "Chiriku, muulize nyumbani ni wapi. Hawa nyumbani kwao ni hapa."

"Dada, mwambie mama nyumbani kwa baba yao ni Burundi."

"Chiriku, muulize huko watasoma kwa lugha gani."

"Dada, mwambie watajifunza."

Wote wawili wanasikiana vizuri kabisa, mi nasimama hapo kama waya wa simu. Nikamwambia bibi kwa kunong'ona, "Toka basi umgombeze, nitafumba macho." Hakutoka. Mtu anayempokonya kikombe mwenye mbuga nzima ya ng'ombe, alikaa nyuma ya ubao wa mlango, heshima imemshika shingo. Nilisikia tu anaifunga chumvi kwenye kitambaa, na karanga, na sabuni. Watoto wakapandishwa baiskeli, Kizito mbele, Juvenali nyuma, Spesioza anatembea na kitambaa cha chumvi kichwani. Walipofika kona, sauti ikatoka tena mlangoni, safari hii haikupitia kwangu:

"Chakula chenu kitakuwa chini ya ungo!"

Haikupita miezi mingi kule kwao kukachafuka. Rais wao akauawa, watu wakaanza kuuana, wakimbizi wanamiminika mpakani. Barua haiendi, hairudi. Na wale watoto, Watanzania kama mimi na wewe, wako huko huko, hatujui kilima gani.

Bibi Kilabu hakukaa kulia. Jioni ile ile tuliyosikia habari alipika ugali na maharage, akapakua sahani tatu, akazipanga kwenye mkeka ndani ya kilabu, akafunika na ungo. Walevi wakatazamana. Giza lilipokaribia kuingia akafunua, akasema, "Leo hawakuja. Chakula cha mtoto hakimwagwi. Nani ana njaa?"

Mi nilikuwa na njaa. Mi huwa nina njaa.

"Basi wewe leo ni Kizito," akasema. "Kaa chini. Umenawa?"

Nikadhani utani. Nikachukua tonge. Kata ikatua mkononi. "Kizito! Nimekuuliza umenawa?"

Ikawa ndiyo sheria ya pale. Anayekula sahani ya mtoto anaitwa jina la mtoto mpaka sahani iishe, na anagombezwa makosa ya mtoto. Mi nimegombezwa kwa kukojoa kitandani, na wakati huo nilikuwa na wachumba wawili. Nimeambiwa nisiulize kwa nini mwezi unatufuata. Nikiuliza sababu ya sheria hiyo, bibi anasema, "Nataka hayo majina yaitwe humu ndani kila siku. Wakirudi wakute mnayajua."

Spesioza wetu alikuwa mfugaji mmoja Msukuma wa Kakese, aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kule kaskazini. Pande la mtu, ndevu mpaka kifuani, shuka begani, fimbo haiachi hata akiwa anakula. Siku ya kwanza aliyopewa sahani hiyo alifikiri amesikia vibaya.

"Mayo," akasema, maana Wasukuma mama wanamwita hivyo, "mimi ni mwanaume."

"Kwenye hiyo sahani wewe ni msichana. Funga miguu, Spesioza."

Akafunga miguu!

"Nikikuita unaitikaje?"

"Naam."

"Mtoto wa kike anaitika naam?"

Yule mzee akatazama kama kuna Msukuma mwenzake karibu. "Abee," akasema. Nilicheka mpaka karai langu likaungua. Lakini chakula kilikuwa kitamu, na mke wake alikuwa mbali na ng'ombe wengine, kwa hiyo alirudi. Baada ya muda kilabu kizima kinamwita Spesioza, hata mnadani, na anaitika abee bila kugeuka.

Sahani ya Juvenali ndiyo ilikuwa na shida. Aliyehitaji kuwa Juvenali kuliko wote alikuwa Mtendaji wa kata, naye hataki. Yeye alikuwa anakuja jioni, kalamu mbili mfukoni, anakunywa amesimama ili isionekane amekuja kunywa. Siku moja akasema kwa sauti, "Bibi, unajisumbua. Hao watoto sasa ni Warundi. Baba Mrundi, wako Burundi, basi."

Bibi akaweka kata chini.

"Mama yao alikuwa nani?"

"Alikuwa binti yako."

"Binti yangu raia wa wapi?"

"Wa hapa."

"Aliwazaa wapi?"

"Hapa, lakini..."

"Hiyo lakini umeitoa wapi? Umekunywa vikombe vingapi? Nyumbani watoto wamekula nini leo?"

Mtendaji akakuna kichwa. Kikombe kikaondoka.

Akanuna, hakuja muda mrefu kidogo. Alirudi siku ya mvua kubwa, ile mvua ya Mpanda inayopiga bati mpaka watu wanaongea kwa mikono. Haina dalili ya kukatika, barabara imekuwa mto, na tumbo la Mtendaji linanguruma kuliko radi. Bibi akafunua ungo. Mfugaji akaketi, akafunga miguu. Mi nikaketi. Sahani ya tatu inafuka moshi. Mtendaji akaitazama, akatazama mvua, akaitazama tena, akaketi.

"Juvenali, umenawa?"

"Nimenawa, bibi."

Akamwacha ale matonge kama matatu hivi, halafu, "Juvenali, wewe raia wa wapi?"

Mtu ana tonge mdomoni. "Wa hapa," akasema.

"Usiongee na chakula mdomoni. Meza. Sema tena."

Akameza. "Wa hapa Mpanda, bibi."

"Sijasikia, mvua."

"WA HAPA MPANDA, BIBI!"

Tulipiga makofi mpaka mvua ikaona aibu. Toka siku hiyo sikumsikia tena akisema hao ni Warundi. Mtu akishakuwa mtoto fulani, tena akashiba, anapata shida sana kumkana.

Kulikuwa na redio pale, ya mbao, betri zake zinaanikwa juani kama mihogo. Bibi alikuwa mpenzi wa kipindi cha salamu. Unanunua kadi dukani, unaandika jina lako, unaandika unaowasalimu, mwisho unaweka ujumbe, unatuma Dar, halafu unasubiri mtangazaji akusome. Redio yetu Burundi inasikika vizuri. Bibi akatangaza sheria nyingine: kila anayekunywa kwake, kadi yake lazima iwe na Spesioza, Juvenali na Kizito, popote walipo, na ujumbe ni mmoja tu: chakula chenu kipo chini ya ungo.

Walevi wa Shanwe wakageuka wapenzi wa salamu. Wiki haipiti hatujasomwa. Mtangazaji mwenyewe akaanza kushangaa hewani, "Jamani ndugu zetu wa Mpanda, hawa akina Spesioza hawajafika tu? Hicho chakula si kimepoa?" Kilabu kinalipuka kwa kelele, bibi anainua mkono tunyamaze, ananyanyua kichwa kama anavyosikiliza pipa.

Siku moja nikamshauri. Mi nilijiona mjanja. Nikamwambia, "Bibi, salamu watu wanasikiliza nusu nusu. Lakini matangazo ya vifo hakuna anayezima redio. Tangaza umekufa. Utaona kama hawajafika kesho."

Nilijua nitapigwa. Hakunipiga. Alinitazama, akasema taratibu, "Chiriku. Nikitangaza msiba, watakuja kuzika. Nikitangaza chakula, watakuja kula. Mi nataka waje kula."

Halafu ndiyo akanipiga.

Aliyeharibu ni mfugaji. Yeye kuandika hajui, akampa kazi mtoto wake wa shule kule Kakese, akawa anamtajia. Sasa kwenye jina la mtuma salamu akataja jina analoitwa kila siku. Na kwenye ujumbe, kwa kuwa ni mtu asiyependa uongo, akaona neno "kipo chini ya ungo" halijakaa sawa wakati yeye ndiye anayekimaliza. Basi tumekaa jioni moja, redio inasoma, mtangazaji kwa sauti yake nzuri:

"Spesioza wa kilabuni kwa bibi, Shanwe, Mpanda, anamsalimu Spesioza popote alipo. Ujumbe wake anasema: chakula chako nakula mimi, kitamu sana."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi.

Bibi akakaa kwenye kigoda. "Kasema nani?" Mfugaji akasimama, shuka limemdondoka. "Mayo, nilitaka kusema ukweli."

"Umemwambia mjukuu wangu kwamba nafasi yake ina mtu," akasema bibi. Sauti ndogo. Sijawahi kumsikia na sauti ndogo, si kabla, si baada. "Umemwambia asije."

Toka jioni ile sahani ya Spesioza ikawa hailiwi na mtu. Inalala chini ya ungo, asubuhi inaenda kwa kuku. Mfugaji anakuja, anakaa kona, anakunywa kikombe kimoja, haombi cha pili. Sisi wengine tukaendelea na kadi, lakini ule utamu ulikuwa umetoka. Nilianza kuwaza labda kweli amewapoteza. Yeye, kama aliwaza, hakusema. Aliendelea kupika sahani tatu.

Halafu asubuhi moja, siku ya mnada, mi nawasha mkaa, mfugaji keshafika na yuko kwenye benchi nje, bibi yuko nyuma kwenye mapipa. Akatokea yule mama anayeniletea dagaa kutoka Kigoma, ametoka stesheni na vikapu vyake, nyuma yake watoto watatu wamejaa vumbi la treni. Msichana mrefu ametangulia. Hakusalimia. Alisimama katikati ya uwanja wa kilabu, mkono kiunoni, sura imekunjwa, akasema kwa nguvu:

"Spesioza yuko wapi?"

Na mfugaji, kwa mazoea tu, maskini ya Mungu, akasimama na ndevu zake na fimbo yake:

"Abee!"

Yule msichana akamtazama chini mpaka juu, juu mpaka chini. Mdomo wazi. Akageuka akanitazama mimi, kama ananiuliza huu ni mji gani. Ile hasira aliyoibeba toka Burundi ikakosa pa kutua. Akaanza kucheka, na akiwa anacheka akaanza kulia, hakuacha hata kimoja.

Bibi akatoka na kata. Nikajua sasa ataanguka, nikajiandaa kumdaka. Hakuanguka. Akawatazama mmoja mmoja, Spesioza, Juvenali, Kizito ambaye meno ya utoto yalikuwa yameshatoka na mengine kuota. Akauliza:

"Mmenawa?"

Akaingia ndani, akafunua ungo. Ile sahani ya jana ilikuwa bado, kuku walikuwa hawajapelekewa. Spesioza akakaa kwenye mkeka, akakata tonge limekuwa gumu kama kisigino.

"Kimelala hiki, bibi."

"Kimekusubiri," akasema bibi.

Akakila chote.

Baadaye ndiyo akatusimulia. Kule walikuwa wanasikia salamu zote, kwa redio ya jirani, na baba yao alikuwa anasema vita ikitulia watakwenda, vita ikitulia watakwenda. "Lakini niliposikia kuna Spesioza mwingine," akasema, akamkata mfugaji jicho, "nikamwambia baba, mi naenda, hata kwa miguu. Siwezi kukaa huku mtu anakula chakula changu."

Kumbe lile kosa ndilo lililomng'oa. Mfugaji alipandisha shuka begani, akajikohoza, akawa anatutazama kama aliyepanga toka mwanzo.

Mpakani kule Manyovu kulikuwa na foleni ya watu, na askari anapeleka kila mtu kwenye malori ya kambini. Baba yao akasema, mi nipeleke kambini, lakini hawa si wakimbizi, wamezaliwa Mpanda, mama yao Mtanzania. Askari akasema, kila mtu leo kazaliwa Mpanda. Karatasi hawana, zilibaki kwenye nyumba iliyoungua. Akauliza majina yao, basi tu aandike. Spesioza. Juvenali. Kizito.

"Akaacha kuandika," Spesioza anasema. "Akatutazama. Akamwita mwenzake, we, njoo uone. Halafu akamwinamia Kizito, akamwuliza, dogo, chakula chenu kiko wapi?"

Na Kizito, aliyekuwa na njaa na hasira na usingizi, akamjibu kama unavyomjibu mtu anayeuliza kitu kinachojulikana na dunia nzima:

"Si kiko chini ya ungo?"

Yule askari alikuwa anatusikia kila wiki, zamu yake ya jioni. Akawatoa kwenye foleni, akawatafutia lori la Kigoma, na stesheni wakakabidhiwa kwa yule mama wa dagaa aliyekuwa anakuja Mpanda. Baba yao akaenda kambini Kasulu.

Bibi aliposikia hivyo akaniita. "Chiriku, lete kadi." Akaniambia niandike: Bibi wa kilabuni, Shanwe, anamsalimu mkwe wake, kambini. Ujumbe: watoto wamefika, wamekula, asante. Nikamwambia, "Bibi, leo umeongea na mkwe uso kwa uso." Akasema, "Uso uko wapi? Redio ina uso?" Kwa hiyo heshima ilikaa palepale, ila mtu wa katikati sasa alikuwa yuko Dar na anasikika nchi nzima. Mi nikakosa kazi.

Kupata shule kuligoma kidogo. Mwalimu Mkuu akasema Spesioza mkubwa mno kwa darasa alilofikia, na Juvenali anahesabu kwa Kifaransa. Aliyekwenda kubishana naye ni Mtendaji, na nasikia alipoulizwa hawa watoto ni raia wa wapi alijibu kwa sauti ya siku ya mvua. Mfugaji yeye akamletea Spesioza ndama jike. Hakusema sababu. Alimfunga kwenye nguzo, akasema, "Huyu wa jina," akaondoka.

Nilidhani sasa ungo utarudi jikoni kupepeta mchele. Wapi! Habari zilisambaa. Akaja mama mmoja kutoka Kakese, naye watoto wake wawili walichukuliwa na baba yao hivyo hivyo. Akaja bibi mwingine wa njia ya Mishamo na jina la mjukuu. Bibi Kilabu hakuuliza maswali mengi. Aliuliza jina, na mtoto anapenda mboga gani. Nilipoondoka Mpanda kulikuwa na nyungo mbili, na walevi wananenepa.

Maana mi niliolewa, nikapelekwa Urambo kwenye tumbaku. Mume mzuri, ila redio yake ilikuwa na sura tu, betri hana. Nikakaa huko, nikazaa, nikakosa watu wa kutania. Nilirudi majuzi na treni, mtoto mgongoni, sikumtaarifu mtu. Jua linaelekea kuzama nikafika Shanwe.

Bibi yuko kwenye kigoda, amepungua, sikio kwenye pipa. Pale mlangoni pangu anakaanga Spesioza, dagaa wake wakubwa kuliko wangu, na ng'ombe wake analia nyuma ya nyumba. Kwenye mkeka ameketi kijana mwenye kichwa kikubwa, anakula peke yake.

"Chiriku!" bibi akaita, hajageuka hata kunitazama. "Punguza mdomo, kula!"

Nikafungua mdomo nijibu. Lakini yule kijana alinitangulia.

"Abee, bibi," akasema, kachoka kabisa. Halafu akaniona. Akasimama, sahani mkononi, imebaki nusu. Ilikuwa ugali na dagaa, na dagaa wamekaangwa kwa pilipili nyingi kama ninavyopenda.

"We dada umerudi?" akasema Kizito. "Shika sahani yako. Toka umeolewa nagombezwa kwa mdomo wako."

Nikapokea. Nikakaa kwenye mkeka, nikamshusha mtoto, nikanyoosha mkono kukata tonge. Kata ikatua.

"Umenawa?"